Mkono wa kulia, na ule mwingine

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza kama umzuie mjukuu wangu kushika penseli kwa kushoto. Nitafika huko. Kwanza tulifungue neno lenyewe.

"Kulia" hapo si kutoa machozi. Ni kula kulikonyambuliwa, kama tusemavyo sahani ya kulia. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, basi. Umetajwa kwa kazi yake. Ubaguzi unajitokeza kwenye jozi ya zamani, kuume na kuke: kulia upande wa mwanamume, kushoto wa mwanamke. Kuume bado unakisikia Biblia ikisomwa, kuke kimefifia. Mimi husema siku zote, neno hufuata mkono, si mkono kufuata neno.

Na wenzetu wamo. "Left" ya Kiingereza imetokana na neno la kale la udhaifu. Kwa Wafaransa "gauche" ni kushoto na pia ni mtu wa ovyoovyo, ilhali "droit" ni kulia, ni kilichonyooka, na ni sheria. Kiarabu kina yamini, kulia na kiapo kwa pamoja, na sisi tukachukua kiapo tu: tunakula yamini. Kushoto kwao ni yasari, mzizi mmoja na neno la wepesi. Wagiriki nao waliuita upande huo "wenye jina jema". Tasfida hiyo, neno la kupunguza ukali! Kitu kisichoogopwa hakibembelezwi hivyo.

Lakini ngoja, hapa najipinga mwenyewe. "Sinister" ya Kilatini, ambayo leo inanuka mkosi, kwa waaguzi wa Roma ilikuwa heri. Wakiagua walitazama kusini, na mashariki, upande wa heri, ikawaangukia kushoto. Wagiriki walitazama kaskazini, mashariki ikawa kulia. Uso umegeuzwa tu, baraka imehama mkono. Katika baraza la kale la Japani, Waziri wa Kushoto alimzidi cheo Waziri wa Kulia. Nao Waguugu Yimithirr wa Australia hawana haja ya maneno hayo: kilicho kando yako kiko kaskazini au magharibi, na ukigeuka kinabaki hukohuko. Mkosi utaukalisha wapi hapo?

Unakumbuka bibi yako alivyomfunga kaka yako kitambaa mkono wa kushoto. Miaka minne, anakula kwa kulia huku analia, chakula chote kifuani. Nami nikanyamaza. Kimya kile kinaniuma hata sasa, wala sitaki tukirudie.

Neno hufuata mkono, nimeshasema. Kinachomsumbua mtoto ni mwandiko wetu unaoanzia kushoto: kiganja kinapita juu ya wino mbichi, naye anaanza kukunja kifundo kama ndoano ili aone alichoandika. Ilaze karatasi, kona ya juu kushoto ipande, na uiweke kushoto kidogo ya kifua chake. Ashike penseli kama sentimita 3 kutoka nchani, mkono ubaki chini ya mstari. Kwa Kiarabu hana shida hiyo, wino unabaki nyuma ya mkono.

Umzuie au usimzuie, mama ni wewe, sitakuamulia. Ningekuwa mimi... haya, nimenyamaza. Ila mkasi mnunulie wa kushoto, ule ambao wembe wa juu uko upande wa kushoto. Akitumia wetu, wembe unamfichia mstari na karatasi inajikunja badala ya kukatika.

Baba yako