Ukipata Ukinzani Hasi, Rudi Kwenye Hesabu Yako

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wa uhandisi wa umeme hapa Nairobi kujiandaa kwa mitihani, na ushauri ninaoutanguliza ni huu: ukishapata impidansi ya saketi pasivu (ukinzani wake kwa mkondo geu, unaoandikwa kwa namba changamano, yenye sehemu halisi na sehemu ya kufikirika), usilipigie mstari jibu lako kabla ya kuangalia iwapo sehemu yake halisi ni hasi. Saketi pasivu, yaani ile iliyoundwa kwa resista, kapasita, koili na transfoma pekee, haina chanzo cha nguvu ndani yake, na kwa hiyo haiwezi kutoa nishati zaidi ya ile iliyopokea. Sehemu halisi ikiwa hasi, karatasi yako inadai kwamba vifaa ulivyonunua Luthuli Avenue kwa shilingi chache vinazalisha stima.

Chukua resista ya omu 100 iliyounganishwa sambamba na kapasita ya mikrofaradi 10. Impidansi yake ni 100 ikigawanywa kwa 1 + jx, ambapo j ni kipeuo cha pili cha −1, na x huongezeka kadiri masafa yanavyopanda. Katika hezi 50 za stima yetu, x ni takriban 0.314. Ili kuitenga sehemu halisi, mwanafunzi huzidisha juu na chini kwa 1 − jx, na hapo ndipo wengi husahau kwamba j mara j ni −1, wakaandika 1 − x² mahali pa 1 + x². Katika hezi 50 kosa hilo hujificha vizuri sana, kwani hupata omu 111 badala ya 91, na namba zote mbili zinaaminika. Panda hadi hezi 200, na hesabu hiyohiyo inatoa omu −173, ilhali jibu sahihi ni karibu 39.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba ukaguzi ufanywe katika masafa yote, wala si katika yale ya swali peke yake. Sharti hili lina mizizi mirefu. Mwaka 1931 Otto Brune, mzaliwa wa Afrika Kusini, alithibitisha katika tasnifu yake ya uzamifu katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, kwamba impidansi ya saketi pasivu haina budi kuwa na sehemu halisi isiyo hasi kila s, yaani masafa yakiandikwa kama namba changamano, inapokuwa na sehemu halisi chanya. Kisha akathibitisha kinyume chake, kwamba kila fomyula ya uwiano wa polinomia inayotimiza sharti hilo, yenye vizigeu halisi, inaweza kuundwa kwa vifaa halisi. Mimi huvutiwa zaidi na nusu hiyo ya pili, kwa sababu inaigeuza aljebra kuwa mchoro wa kazi. Njia ya Brune ilihitaji transfoma; mwaka 1949 Raoul Bott na Richard Duffin walionyesha namna ya kuziepuka, ingawa gharama yake ni vifaa vingi zaidi.

Anayetaka kuzifuata hatua hizo aanze na saketi za koili na kapasita pekee, ambazo Ronald Foster alizichambua mwaka 1924, kwa kuwa humo sehemu halisi ni sifuri katika masafa ya kawaida na aljebra hubaki fupi.