Chambo, mawindo na bendi ya kilodaltoni 50

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya protini, wiki ya kwanza mtasikia maneno chambo na mawindo mpaka mchoke. Mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa sana. Chambo ni protini uliyoichagua, mawindo ni zile zinazoshikamana nayo. Ila wavu ukivutwa huja na magugumaji pia.

Mimi nilianza na kingamwili. Unapasua seli, unatia kingamwili inayoijua chambo, unainasa kwa shanga za sumaku, unaosha, unapima. Siku ya kwanza nikaona bendi nene, yaani mstari wa protini kwenye jeli, kwenye kilodaltoni 50 (kipimo cha uzito wa protini), nikampigia msimamizi wangu usiku ule ule. Akaniuliza: "Na ile ya kingamwili isiyoijua chambo inaonyesha nini?" Sikuwa nimeiweka. Niliporudia, bendi ikatokea kote kuwili, nene vilevile. Kumbe ni mnyororo mzito, kipande kikubwa cha kingamwili yenyewe. Ule mwepesi hukaa karibu na 25. Wiki tatu zilikwenda na maji. Tangu hapo sampuli ya kulinganishia naiandaa kwanza, kabla hata ya chambo.

Kuosha nako kuna ufundi wake. Chumvi ikipungua kwenye bafa, yale maji ya kuoshea, takataka zinabaki; ikizidi, protini zinazoshikana kwa muda mfupi zinaondoka, na mara nyingi hizo ndizo ulizozitaka. Ndiyo maana wengi wamehamia kwenye njia ya biotini, vitamini inayotumika kama alama, iliyotoka mwaka 2012. Kimeng'enya kinafungwa kwenye chambo, kinazipaka biotini protini zilizo umbali wa nanomita 10 hivi, kisha streptavidini, protini inayoikamata biotini, inazinasa. Mshiko huo ni imara, kwa hiyo osha utakavyo. Lakini usiandike kwamba zinashikana! Umeonyesha ujirani tu, na jirani si lazima awe ndugu.

Kama fedha ni ndogo, anzeni na hamira. Stanley Fields na Ok-kyu Song walionyesha mwaka 1989 kwamba protini inayowasha jeni ikigawanywa vipande viwili, kimoja kwa chambo na kingine kwa windo, jeni huwaka pale wawili hao wakigusana. Unahitaji sahani, hamira na uvumilivu. Jeni za protini za binadamu ni kama 20,000, yaani jozi karibu milioni 200, kwa hiyo msijidai mtazimaliza. Halafu mgusano unatokea ndani ya kiini cha seli, mahali ambapo protini za utando wa seli hazina raha.

Baridi nayo. Seli ikishapasuka, vimeng'enya vyake vinaanza kuzikatakata protini. Siku moja umeme ulikatika, mashine ya barafu ikanyamaza, tukakimbilia barafu ya wauza samaki. Boksi zima lilinuka sangara, lakini mirija ilikuwa imefungwa vizuri na sampuli zikapona.

Mtakaposafirisha sampuli kwenda kupimwa kwa spektrometa ya masi, mashine inayozitambua protini kwa uzito wa vipande vyake, jihadharini na keratini, protini ya ngozi na nywele. Orodha yangu ya kwanza iliongozwa nayo: ngozi yangu na nywele zangu, nimezilipia kwa dola. Vaeni glovu na kofia, sweta la sufu libaki nje. Feni izimeni wakati wa kukata jeli, hata kama joto la Machi linawachemsha.