Ukurasa wa wilaya: tafuta kwanza watu wa kujibu

Mleta uzi, umeuliza hivi: umehamishiwa idara ya habari ya wilaya hapa Uganda, umekabidhiwa akaunti za X, Facebook na WhatsApp, wananchi wanatukana chini ya kila picha, na bosi anataka wafuasi waongezeke. Uanzie wapi?

Anzia ndani ya ofisi kabla hujaposti chochote. Mwananchi anayeandika kwamba kisima cha pampu cha kijiji chake kimekufa anatafuta jibu la mhandisi wa maji, na wewe ni njia tu ya kupitishia jibu hilo. Kama mhandisi hajui kwamba ana wajibu wa kukujibu, ukurasa utabaki wa picha za warsha. Mwombe CAO, yaani ofisa mkuu mtendaji wa wilaya, atoe waraka mfupi unaotaja mtu mmoja na msaidizi wake katika kila idara: maji, barabara, afya, elimu, ardhi, mifugo. Waraka utaje na muda. Akiulizwa asubuhi, ajibu kabla ya saa kumi jioni, hata kama jibu lenyewe ni "sijafika, nitakwenda Alhamisi". Bila saini ya CAO utakuwa mtu wa kubembeleza wakuu wa idara kila siku, na watakuchoka upesi.

Halafu jua akaunti ni za nani. Wilaya nyingi hupoteza kurasa zao kwa njia ileile: afisa alifungua kwa Gmail yake na laini yake ya simu, akahamishwa, akaondoka na funguo. Hamishia kila kitu kwenye barua pepe ya ofisi inayoishia na go.ug na laini iliyosajiliwa kwa jina la ofisi. Washa uthibitisho wa hatua mbili, chapisha zile namba za akiba, ziweke kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kabati la CAO. Watu wawili wawe na ruhusa ya kuingia. Wakizidi watatu hutajua nani kaandika nini. Kwenye X omba pia alama ya kijivu ya taasisi za serikali, maana matapeli hunakili jina na nembo kwa dakika tano.

Sasa daftari, ambalo ndilo moyo wa kazi yote hii. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha: namba ya taarifa, siku na saa, mahali, tatizo, afisa aliyepewa, siku iliyoahidiwa, siku lilipofungwa. Safu ya mahali ndiyo inayoharibika mara nyingi. "Barabara yetu mbovu" haimsaidii mtu. Uliza kijiji, parishi, gombolola (ngazi ya utawala iliyo juu ya parishi), na alama inayojulikana, kama vile kanisa, kituo cha boda au shule. Picha bila mahali usiitupe, lakini usiipe namba mpaka umepata mahali.

Namna ya kujibu: lile jibu la "asante kwa taarifa, tunalifanyia kazi" ndilo linaloleta matusi. Watu wamelisikia mno. Jibu lenye mwili liko hivi:

"Tumepokea, taarifa namba 47. Fundi wa gombolola anafika kesho Jumatano kukagua. Tutaandika hapahapa alichokikuta kabla ya saa kumi na moja jioni."

Kesho yake, chini ya jibu lilelile:

"Namba 47: fundi amefungua pampu. Mabomba mawili ya chuma yametobolewa na kutu na mipira ya pistoni imeisha. Mipira ipo stoo. Mabomba yanasubiri idhini ya manunuzi. Taarifa nyingine Jumatatu."

Angalia, maji bado hayajatoka, lakini mtu ameambiwa kitu gani kimekufa, kipi kipo, kipi kinasubiri na lini atasikia tena. Hasira hushuka sana hapo. Na Jumatatu ikifika bila mabomba, andika kwamba hayajafika. Ahadi moja iliyopitwa kimya hubomoa majibu kumi mazuri.

Kuhusu mambo yasiyo yenu: nusu ya malalamiko yatakuwa ya ofisi nyingine, na mwananchi hana kosa kwa sababu mambo yenyewe yamehama. UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, ilivunjwa na barabara kuu zikarudi Wizara ya Kazi na Uchukuzi. Kampuni binafsi iliyoitwa Umeme ilimaliza mkataba wake tarehe 31 Machi 2025 na UEDCL, kampuni ya serikali, ikashika usambazaji wa stima, lakini watu wanaendelea kutaja majina ya zamani. Usiandike "si letu" ukanyamaza. Andika ni la nani, mtaje huyo kwenye jibu, na liingize daftarini ulifuatilie mara moja baada ya wiki.

Mkuu wa idara akilalamika kwamba watu wanaaibisha ofisi kwa picha za mashimo, mkumbushe Aprili 2023. Jimmy Spire Ssentongo, mchora katuni na mhadhiri, aliwaalika watu waposti mashimo ya Kampala kwa hashtegi ya maonyesho ya mashimo, mtandao ukajaa picha, na Rais akaagiza KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ipewe shilingi bilioni 6 za kuyaziba. Kila picha ile ilikuwa ripoti ya ukaguzi wa barabara ambayo hakuna aliyelipwa posho kuileta. Wilaya inayoziingiza daftarini zikija moja moja haitangoji zije elfu.

Mitandao ipi? Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na anayeiingia hutumia VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Hilo lina madhara mawili. Kwanza, tangazo la lazima, kama vile chanjo au mnada wa wilaya, lisikae huko peke yake. Pili, takwimu za ukurasa huo hudanganya: zitakuonyesha wasomaji wa Uholanzi na Marekani, kumbe ni watu wa gombolola zako wenye VPN. Usimpelekee bosi takwimu hizo. X ina waandishi wa habari na watu wa mjini. WhatsApp ndiyo inayofika vijijini, lakini kundi la watu mia tano hugeuka soko siku ya pili. Tumia chaneli ya kutangaza tu, na makundi madogo ya viongozi wa LC (mabaraza ya vijiji na parishi) na walimu wakuu, ambao watasambaza wenyewe.

Kumbuka data inauma. Kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mwaka 2018 iliondoka Julai 2021, ikaja ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Video ya mkutano ya dakika ishirini haitafunguliwa na mtu anayenunua bando la siku. Kosa jingine ni barua yenye muhuri iliyopigwa picha na kupostiwa hivyohivyo. Kwenye simu ndogo haisomeki, haitafutiki, na asiyeona vizuri hawezi kusomewa na simu yake. Iache barua iwepo kama ushahidi, ila juu yake andika mistari minne: nini, wapi, lini, mtu aje na nini. Na kama huduma ni bure, andika BURE. Neno hilo moja huwakata matapeli wanaokusanya pesa za "fomu" kwa simu.

Siku ya dharura mambo hubadilika. Ebola ilipotangazwa Mubende tarehe 20 Septemba 2022, uvumi ulikuwa na mbio kuliko gari la wagonjwa, kama ilivyo katika kila mlipuko. Chagua saa moja, tuseme saa kumi na mbili jioni, utoe taarifa kila siku saa hiyohiyo, hata kama hakuna jipya. Namba za wagonjwa zitoke Wizara ya Afya tu. Wilaya isiongeze zake. Ukikanusha uvumi, usirudishe picha ya uvumi ikiwa safi, maana itakatwa na kusambazwa tena. Iandike UONGO kwa maandishi makubwa katikati.

Lugha: Kiingereza cha ofisi hakitoshi. Rekodi sauti ya dakika moja kwa lugha ya wenyeji, na nyingine kwa Kiswahili. Hiki ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, na ukiwa West Nile, mpakani Busia au karibu na kambi za jeshi, kitafika mbali. Sauti hiyohiyo mpe mtangazaji wa redio. Wasio na simu za kisasa wana baraza la gombolola, na vijana wana U-Report, huduma ya UNICEF ya maoni kwa simu, ambayo tangu 2011 hupokea ujumbe mfupi bure.

Siri za watu zilindwe. Mtu akiposti picha ya kitambulisho au NIN yake (namba ya kitambulisho cha taifa), zile herufi na tarakimu 14, ifiche papo hapo na umwandikie faragha. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inaihusu ofisi yako pia. Akidai nyaraka, mweleze kuhusu Sheria ya Kupata Habari ya 2005, inayotoa siku 21 za kujibiwa, na umwonyeshe pa kupeleka ombi.

Matusi je? Futa yanayotaja kabila, yanayotishia mtu au yanayomwaga siri zake. Ukali dhidi ya ofisi uache. Kumtisha mtu kwa kosa la "mawasiliano ya kuudhi" hakuna mashiko tena: mwezi Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu hicho, namba 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta. Na ukiambiwa ufungue akaunti bandia za kusifu, kataa kwa maandishi. Januari 2021 Facebook ilifuta mtandao wa akaunti bandia na za kurudufu iliosema unahusiana na kitengo kimoja cha Wizara ya TEHAMA, na kufungwa kwa Facebook kulikuja siku hizohizo.

Kwa bosi wako anayetaka wafuasi, mpelekee kila Ijumaa karatasi moja kutoka daftarini: taarifa zilizoingia, zilizofungwa, zilizokwama, na zimekwama mezani kwa nani. Safu hiyo ya mwisho isomwe kwenye kikao cha wakuu wa idara kila Jumatatu, kwa namba ya taarifa na jina la kijiji.