Usimfiche daktari maumivu ya kemo

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, sinia la mchele mapajani. Jiwe analiona, vidole havilishiki. Akajaribu mara tatu, kisha akaingiza mikono ndani ya kanga alipoona namtazama.

Kumbe ganzi ilimwanza tangu mzunguko wa tatu wa kemo, zile dawa kali za saratani anazotundikiwa kwa dripu. Kliniki kila akiulizwa alijibu, "Sijambo daktari, namshukuru Mungu." Saratani ya matiti ilikwisha kufika kwenye mifupa, naye aliogopa kwamba wakijua anaumia watampunguzia dozi. Kwake, kupunguziwa dozi ni kukatiwa tamaa.

Wewe unayeuguza, tafadhali lielewe hili mapema kuliko mimi. Dozi nyingi za kemo zilipatikana kwa kuwajaribu wagonjwa ambao saratani yao ilikwisha kusambaa, mara nyingi watatu watatu. Watatu wa kwanza wakistahimili, watatu wanaofuata wanapandishiwa kidogo, mpaka madhara yanapozidi, hapo wanasimama. Kwa hiyo dozi iliyoandikwa kitabuni mara nyingi iko karibu na ukomo wa kile mwili unachoweza kubeba. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ilianzisha mpango uitwao Optimus, kuwataka watengenezaji wa dawa mpya za saratani watafute dozi inayofaa zaidi badala ya kukimbilia ile ya juu kabisa. Nilivyosoma hayo nililia, maana mama yangu alikuwa anavumilia kimya kitu ambacho hata wataalamu hawataki kivumiliwe.

Halafu kuna uzito. Dozi ya dawa nyingi hukokotolewa kwa urefu na uzito, ili kupata eneo la mwili kwa mita za mraba. Mama ana sentimita 160. Alianza na kilo 58, yaani mita za mraba 1.6 hivi. Mzunguko wa nne alikuwa na kilo 49, chini kidogo ya 1.5. Kwa dawa ya kemo iitwayo paklitakseli, miligramu 175 kwa kila mita ya mraba, tofauti inazidi miligramu 20. Siku hiyo mizani ilikuwa mbovu na nusura uandikwe uzito wa zamani. Uliza bila aibu: "Uzito mliotumia ni wa leo?" Hakuna muuguzi mwema atakayekasirika.

Majibu ya vipimo vya damu nayo usiyafanyie haraka. Chembe nyeupe za damu zikiwa chini, au figo na ini vikiwa vimechoka, daktari anaweza kuahirisha wiki moja. Nilikuwa nanung'unika kwa sababu ya nauli na ruhusa kazini. Sasa naona wiki ile ilimlinda. Na dawa za mitishamba anazoletewa na ndugu, zitaje zote, hata kama shangazi atanuna. Nyingine hugombana na kemo mwilini.

Homa ndiyo isiyosubiri. Nunua kipimajoto. Ikifika nyuzi 38, hasa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dripu, chembe nyeupe zinapokuwa chini, nenda hospitali usiku huohuo. Usimpe panadoli ukangoja kupambazuke. Homa itashuka lakini maambukizi yatakuwa yanaendelea.

Nilimsemea mama mbele ya daktari. Akanikata jicho. Daktari alipunguza dozi kwa asilimia 20, na mama akauliza, "Ndiyo mmenichoka?" Daktari akavuta kiti karibu: "Hapana mama. Nikiiharibu mishipa yako ya fahamu leo, kesho nitalazimika kuiacha dawa kabisa. Nataka twende nayo mbali."

Tangu siku hiyo tuna daftari. Jioni ananitajia, mimi naandika: amekula nini, ametapika mara ngapi, ganzi imefika wapi. Juzi nilikuwa nimeshalifunga, akaniita kutoka chumbani: "Mwanangu, ongeza. Leo nimefunga vifungo vya blauzi mwenyewe, isipokuwa cha juu."