Picha nzito kwa barua pepe: tuma nakala ndogo, picha halisi ziende kwa kiungo

Ndugu, hizo picha nane za milango ya nakshi ya Bagamoyo, zenye jumla ya MB 24, usiwatumie wenzako wote kama viambatisho, hata kama kikomo cha Gmail ni MB 25. Kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafirishwa, na ugeuzaji huo huongeza ukubwa kwa takriban theluthi moja, hivyo MB 24 huwa kama MB 32 njiani, na seva ya mpokeaji inaweza kuukataa ujumbe wote. Ukipita salama, aliyeko Kaole anayetumia bando la simu ndiye atakayelipia upakuaji ambao hakuuomba, na hilo si haki.

Tengeneza nakala za JPEG zenye upande mrefu wa pikseli 1600. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ikipunguzwa hivyo hubakiwa na chini ya moja ya sita ya pikseli zake, na kwa kawaida hushuka chini ya MB 1, ilhali ukiifungua kwenye skrini bado unaona mnyororo uliochongwa pembezoni mwa fremu na maua ya kwenye mfaa, yaani ule ubao wa katikati ya mlango.

Kwa uchapishaji nakala hizo hazitoshi. Weka picha halisi kwenye Google Drive, ruhusu kila mwenye kiungo azione, kisha utaje ukubwa wa kila faili kando ya kiungo, ili mtu aamue mwenyewe kabla ya kubofya.