Wanafunzi wapya wa nakshi, someni hii kabla hamjajiita wavivu

Wadogo zangu mnaoanza kuchonga milango hapa Lamu, nina miaka kumi na mbili kibandani na kinachowakimbiza wanafunzi wengi si patasi kukata kidole wala ujira mdogo, ni ile asubuhi umefika, ubao uko mbele yako, mkono hautaki kuinuka, na moyoni unajiambia mi mvivu tu, hii kazi si yangu. Nataka mjue ile hali yatoka wapi manake nimeiona kwa mtu wa nyumbani.

Mjombangu ndo alonifunza kazi. Miaka ya mwisho akawa anakaa barazani kutwa, ukimpa halua anakula na kufurahi, ukimwambia twende kibandani anasema kesho. Watu wakasema mzee kachoka, wengine wakasema kafanyiwa kitu, na mimi nlimkasirikia na hilo mpaka leo laniuma. Baadae mkono ukaanza kutetemeka, tukampeleka hospitali, tukaambiwa ni Parkinson, yaani seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo hupelekea ujumbe, zinakufa polepole. Akapewa levodopa, dawa ambayo ikifika kwenye ubongo inageuka kuwa dopamini, na baada ya wiki kadhaa siku moja akaniuliza mwenyewe, patasi zangu mmezieka wapi?

Nikaanza kusoma. Mitandaoni dopamini wanaiita kemikali ya raha lkn mjombangu raha alikua nayo, halua aliila kwa furaha, alichokosa ni kule kuinuka kukifuata kitu. Mwanasayansi Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha jambo linalokaribiana na hili mwaka 1957, aliwapa sungura dawa ya reserpini, inayomaliza dopamini ubongoni, wakaganda pale pale hawajisogezi, akawadunga levodopa wakaamka wakaanza kutembea, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Nobel.

Sasa hii ya panya ndo mshike sana. Miaka ya 1990 mtafiti John Salamone na wenzake kule Marekani waliwaeka panya kwenye njia panda, upande mmoja chakula kidogo cha bure, upande wa pili chakula kingi lkn mbele yake kuna kizuizi cha waya cha sentimita 44. Panya mzima anaparamia. Panya aliepunguziwa dopamini kwenye sehemu ya ubongo inayoitwa nukleasi akambensi anakwenda kwa kile kidogo. Si kwamba hajui kingi kiko wapi, ukiondoa kizuizi anakwenda kwenye kingi vizuri tu. Na kule kwa bure kusipokua na chakula kabisa, hata yeye anaparamia! Niliposoma hapo nikaitazama simu yangu mkononi.

Simu ndo kile chakula kidogo cha bure wadogo zangu. Ubao una ukuta mbele yake, kuchonga ua moja la nakshi kutakuchukua asubuhi nzima, simu haina ukuta wowote. Kwa hivo siku hizi simu yangu naiacha nyumbani mpaka adhuhuri, si mfukoni, si kwenye droo, nyumbani, na wiki ya kwanza ilikua tabu kweli kweli alafu mkono ukaanza kwenda wenyewe.

Na ule ukuta nao ushusheni. Jioni kabla sijafunga nanoa patasi zote, nazipanga, alafu kuna ua moja naliacha nusu makusudi. Asubuhi sianzi mlango, namalizia nusu ua. Hio tu. Mkishamaliza ile nusu mtashangaa adhana ya adhuhuri imewakuta bado mnachonga.

Miraa na mugoka, yale majani ya kutafuna, niseme wazi manake nyinyi mtaitiwa tu. Ndani mna kemikali inaitwa katinoni ambayo inaisukuma dopamini imwagike kwa wingi, na majani yakikaa yakikauka hio katinoni inapungua ndo mana mnaona inakimbizwa ikiwa mbichi. Masaa ya kwanza utachonga kama mashine. Usiku hulali, kesho yake ubao ule ule unauona mzito maradufu, na sasa bila kutafuna huanzi. Nimewaona mafundi wawili wenye mikono mizuri kuliko wangu wameishia hapo, na nakshi zao mpaka leo zipo kwenye milango ya watu hapa mjini nikizipita nasikitika.

Lkn kuna hali simu na patasi hazitaisaidia. Ukiona wiki ya pili ya tatu inapita hutaki kazi, hutaki mpira, hutaki hata kukaa na wenzako, mwambie fundi wako na mwende hospitali, inaweza kua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, au maradhi mengine, msingoje mpaka mkono utetemeke kama tulivongoja sisi.