Mwekezaji akijenga barabara, deni linabaki kwa nani?

Ndugu, umeuliza kama serikali ikimwachia mwekezaji binafsi ajenge barabara ya kulipia, imekwepa deni. Si lazima. Tafuta kwanza kifungu cha dhamana ya mapato: magari yakiwa machache kuliko makadirio, nani anafidia? Mara nyingi ni hazina, yaani mlipakodi. Kwenye umeme mikataba mingi hulipia uwezo wa mtambo hata usipowashwa, na hapo ndipo bajeti huumia kimyakimya. Halafu sarafu: mkopo ukiwa wa dola na tozo ni ya fedha ya nchi, sarafu ikishuka lazima mtu abebe hasara. Mwekezaji anaweza kukata bima ya hatari za kisiasa (si ya kushuka kwa sarafu) kwa MIGA, shirika la dhamana za uwekezaji la Kundi la Benki ya Dunia tangu 1988. Nyinyi shinikizeni mkataba uchapishwe kabla haujasainiwa.